Kitovu Hakina Kosa

Mkumbo alikuwa amelala chali, shuka limemfika kifuani, akijitazama darini. Si sura yake; sura yake aliizoea, na wala haikuwa ya kugombaniwa. Kilichotandazwa pale juu, kutoka ukuta hadi ukuta, kilikuwa ndani ya korodani yake ya kushoto, na alikuwa ameshasahau kuona haya.

Sisimizi elfu sita walikuwa wameingia tangu saa mbili asubuhi. Wataalamu walikuwa na jina refu la vile vidude, lakini watu wa Singida waliviita sisimizi na jina likakaa. Mia moja wangetosha kukaa juu ya unywele mmoja bila kukanyagana. Waliingizwa kwa sindano moja nyembamba, wakatawanyika, kila mmoja na taa yake, kila mmoja akituma alichokiona, na dari likaunganisha vipande vyote kuwa picha moja. Tena picha yenyewe ilikuwa hai. Kila mara moyo wa Mkumbo ulipopiga, dari zima lilitikisika kidogo.

Mkumbo alikuwa fundi wa minara ya upepo. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akining'inia kwa kamba mita mia mbili juu ya mashamba ya alizeti, akifunga na kufungua mapanga marefu kuliko uwanja wa mpira. Ukubwa haukumtisha. Ila hapa aliambiwa kwamba kile kilichojaza dari kilikuwa na ukubwa wa njugu mawe, nacho kilikuwa chake, ametembea nacho miaka thelathini na sita bila kujua mle ndani kuna nini. Machozi yalimtoka bila kuaga.

"Hiyo ni mirija," alisema Daktari Nkinda. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuchungia mbuzi, na ndivyo alivyowaamrisha sisimizi wake: rudini kushoto, acheni hapo, pandeni. "Mle ndimo mbegu inamotengenezwa. Ukiinyoosha yote, ukaiunga ncha kwa ncha, unatoka nayo mlangoni hapa mpaka stendi ya zamani, na nyingine inabaki."

"Yote hiyo imo humu?"

"Imo humo, Bwana Mkumbo. Mungu alipakia vizuri."

Mwantumu, mkewe, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda mkono wake umeshika kifundo cha mguu wa mumewe, alicheka. Alikuwa mwalimu wa hisabati, na Mkumbo alijua kwamba kichwani mwake ameshaanza kupiga hesabu ya umbali wa kwenda stendi.

Walichelewa kufika hapa. Miaka minane ya ndoa, na mitano kati ya hiyo Mkumbo aliitumia kupita njia ileile wanayopita wanaume wengi. Kwanza alimpeleka mkewe hospitali, yeye akabaki getini akijifanya ana simu ya kazini. Mwantumu akapimwa kila kitu, akaonekana mzima kama kengele. Kisha Mkumbo akaanza kununua vichupa vya dawa ya nguvu za kiume, ingawa nguvu hazikuwa zimempungukia hata siku moja. Maumivu ya chini kwa chini aliyokuwa nayo kwenye kinena tangu ujana hakumwambia mtu. Siku alipomweleza Daktari Nkinda habari za vichupa, daktari alitikisa kichwa. "Nguvu na mbegu ni vitu viwili, bwana. Baiskeli inaweza kukimbia vizuri sana na mzigo usiwepo."

"Mbona ni nyeupe?" Mwantumu aliuliza sasa, akinyoosha kidole darini. "Mirija yote ni nyeupe."

Daktari aliwasimamisha sisimizi. "Hayo ni makovu, Bi Mwantumu."

Nyeupe ilikwenda kila upande. Sisimizi walikata kona, wakapita mrija baada ya mrija, na kila mrija ulikuwa mgumu, kuta zake zimebanana, hauna kitu. Waliendelea hivyo kwa saa nzima. Mkumbo aliacha kustaajabu, akaanza kuhesabu pumzi zake. Mkono wa Mwantumu kwenye kifundo cha mguu wake ulikuwa umelowa jasho.

Ndipo sisimizi mmoja, kwenye kona ya juu kabisa, akasimama. Wenzake wakamfuata kumi, wakawa mia, taa zao zikakusanyika. Mle kwenye mkunjo wa mrija mmoja uliojificha nyuma ya mshipa wa damu, ukuta haukuwa mweupe. Ulikuwa na rangi ya uji wa ulezi. Na juu yake, zimekaa kwa kujibanza, zilikuwapo seli za mviringo, kubwa, zenye kiini kilichong'aa. Daktari Nkinda alizihesabu kwa kidole, midomo ikicheza.

"Kumi na mbili," alisema, na ile sauti ya kuchungia mbuzi ilikuwa imemwishia. "Hizi ndizo mama wa mbegu. Zote za mwanamume hutoka kwa hizi."

"Ziko hai?"

"Zimelala. Zimelala tangu ukiwa mtoto wa kubebwa."

Walizitazama zile kumi na mbili, tulivu, zikipanda na kushuka kwa mapigo ya moyo wa mwenyewe. Mkumbo aliona aibu kama ya mtu aliyeishi na wageni nyumbani mwake miaka yote hiyo asiwape hata maji. Alitaka kusema kitu kizito, akaishia kusema, "Poleni."

Daktari aliita picha nyingine. Kovu likakatwa mbele yao, likaonekana ndani lina tabaka juu ya tabaka.

"Sasa nisikilizeni vizuri. Kovu hutunza kumbukumbu. Sisimizi husoma tabaka hizi na kuniambia ni la lini na limetokana na nini. Hili lilianza ukiwa na wiki mbili. Mtoto wa kiume, miezi yake michache ya mwanzo, ndipo seli hizi hutafuta mahali pa kukaa. Ni wakati mbaya kuliko wote wa kuzisumbua. Zako zilisumbuliwa kwa joto kali, na pamoja na joto kuna utomvu wa mmea uliopenya kwenye ngozi. Kila jioni. Tabaka mia moja na arobaini na tatu." Alimgeukia Mkumbo. "Nani alikuwa anakuogesha?"

Mkumbo alijua jibu, na alijua daktari analijua.

Mwaka wa tatu wa ndoa yao, mama yake alikuja kwao na kanga imefunika kichwa kama mtu wa msibani. Akawaketisha wote wawili. Akawaambia kwamba kosa si la Mwantumu, lisije likasemwa la Mwantumu. Kosa ni lake yeye. Siku ya nane baada ya kumzaa Mkumbo alipitiwa na usingizi akiwa ananyonyesha, na kitovu kilipokatika kikamdondokea mtoto pale pa kiume. Kila mwanamke anajua kwamba kitovu kikimwangukia mtoto wa kiume hapo, huyo hatazaa. Alisema hayo akilia, na tangu siku hiyo hakuna shangazi wala wifi aliyethubutu kumwita Mwantumu mgumba mbele yake. Mmoja alijaribu kwenye harusi, akafukuzwa kwa mwiko wa pilau mpaka barabarani.

Kwamba baada ya kitovu kuanguka alifanya kitu kingine, hilo hakulisema kamwe. Pengine hakuona kama ni la kusemwa. Dawa haiungamwi.

"Kitovu ni ngozi iliyokauka," alisema Daktari Nkinda. "Kikimwangukia mtoto hata hashtuki. Hakina kosa lolote. Kilichokuharibu ni tiba."

Kisha akawaeleza kazi iliyobaki. Sisimizi wangeweza kulila kovu na kuzifungulia zile seli njia, nazo zikaamka, zikaanza kazi iliyochelewa. Lakini kila kovu huhitaji sisimizi wenye meno ya kulifaa. La joto tupu lina meno yake, la utomvu lina mengine, na utomvu huu haukuwamo kwenye maktaba yoyote aliyoiuliza. Akilijua jina la mmea, angeutafuta, angeupima, na angewafanyia sisimizi meno yanayofaa kwa siku mbili. Akibahatisha, kuna nafasi moja kati ya tatu. Na akikosea, zile kumi na mbili zitakufa. Tena zimeshamulikwa. Kama walivyoelezwa wakati wa kutia saini, zikishamulikwa hazirudi usingizini. Zisipofunguliwa njia, zina siku tisa tu za kuishi.

Walikwenda kukaa kwenye benchi la uani, chini ya kivuli cha mtambo wa maji. Mwantumu alikuwa wa kwanza kusema.

"Tubahatishe."

Mkumbo alimgeukia. "Wewe mwalimu wa hesabu ndiye unayesema tubahatishe?"

"Hesabu naijua. Ni moja kwa tatu, ni mbaya. Lakini mama yako amebeba kitovu miaka thelathini na sita, Mkumbo. Kitovu ni ajali. Mtu anapitiwa na usingizi, Mungu anajua. Sasa wewe uende ukamwambie si ajali, ni mkono wake? Jioni mia moja na arobaini na tatu?" Alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Yule mama amenikinga na mvua ya maneno ya watu. Siwezi kuzaa juu ya mgongo wake."

"Na zile kumi na mbili?"

Mwantumu aliinamisha kichwa. Alikuwa ameziona, na sasa alikuwa analia waziwazi, kwa sababu alizitaka kuliko kitu chochote.

"Sitamwambia ukweli," alisema Mkumbo. "Nitamwambia dawa yake ndiyo iliyoziokoa. Atafurahi, atanitajia jina, basi."

"Njia ya mwongo fupi, mume wangu."

"Ni ya kutoka hapa mpaka Iramba tu."

Kesho yake alasiri alimkuta mama yake uani, ameketi kwenye mkeka anapepeta kunde, na upepo wa Iramba ukimsaidia kazi. Alimwamkia, akaitikiwa, akapewa kigoda. Mama Mkumbo alikuwa mwanamke mrefu aliyekonda, mwenye mikono mikubwa. Mkumbo alijikuta anaitazama ile mikono, akajikaripia moyoni.

Akasema uongo wake. Aliutengeneza njiani na ulitoka vizuri. Wameingia sisimizi, wamekuta mbegu za uzazi zimebaki, na daktari anasema zimebaki kwa sababu kuna dawa alipakwa utotoni iliyozilinda. Anataka kuijua hiyo dawa.

Ungo ulimponyoka mama, kunde zikamwagika kwenye vumbi, naye hata hakuzitazama.

"Zipo?"

"Zipo, mama. Kumi na mbili."

"Kumi na mbili," alisema mama. Alisimama, akaketi, akasimama tena. "Dawa yangu? Dawa yangu mimi?" Akaanza kucheka huku machozi yanachuruzika, na Mkumbo hakukumbuka kumwona mama yake akicheka namna hiyo tangu azaliwe. "Ni mnyalumbe, mwanangu! Mizizi ya mnyalumbe, ule wa kule mawe meusi, ndani yake nyekundu. Unaitwanga, unaichemsha, unachovya kitambaa, unakanda ikiwa moto moto. Bibi yako ndiye aliyenionyesha. Sikukosa hata jioni moja!"

Mkumbo aliigusa bangili yake ya mawasiliano na kulituma lile neno kwa daktari. Jibu lilirudi kabla mama hajamaliza kufuta macho: umejulikana, kuutafuta na kuupima tunaanza leo. Ilikuwa imekwisha. Alikuwa na kila alichokijia, na mama yake alikuwa anacheza ngoma peke yake katikati ya kunde zilizomwagika.

"Basi na mimi naondoka sasa hivi," alisema mama, akijifunga kanga kiunoni. "Nipishe nichukue jembe."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Sikitu, hapo ng'ambo. Amejifungua wa kiume, na juzi kitovu kimemwangukia mtoto palepale. Analia yule binti, mpaka maziwa yamekauka. Nilikuwa nasita kumwambia, maana dawa yangu nilidhani haikufaa kitu. Kumbe ilifaa! Nitamchimbia leo, jioni tuanze kukanda."

Mkumbo alisimama mlangoni mwa ua akamziba njia bila kujua kwamba amesimama.

"Mama, ngoja. Daktari amesema kwanza waupime."

"Wapime, nani kawakataza? Sisi tukande."

"Huenda kwa mtoto mwingine usifae."

"Dawa iliyomwokoa mwanangu isimfae wa mwenzangu?" Mama alimtazama kwa mshangao, na polepole mshangao ule ukageuka kuwa kitu kingine. Alikuwa amemlea. Alijua uso wake ulivyokaa alipokuwa ameiba sukari. "Mkumbo. Unanificha nini?"

Angeweza kutafuta uongo wa pili. Aliutafuta kweli, na hilo alikuja kulikiri baadaye kwa mkewe. Lakini wa pili ungehitaji wa tatu, na ng'ambo ile kulikuwa na mtoto wa siku kumi, na jua lilikuwa linaelekea jioni.

"Kitovu hakikufanya kitu, mama," alisema. "Kitovu hakina kosa. Ni mnyalumbe. Ni kule kukanda. Ndiko kulikoniunguza."

Aliendelea kusema, kwa sababu kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi. Alimweleza makovu, tabaka zake, na zile kumi na mbili zilizobaki kwa bahati nyuma ya mshipa mmoja. Mama yake alisikiliza akiwa ameushika mpini wa jembe alilokuwa ameshalichukua ukutani. Hakulia. Alikuwa ameukunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Tabaka ngapi?" aliuliza.

"Mia moja na arobaini na tatu."

"Ni kweli. Niliacha ulipoanza kukaa." Akavuta pumzi. "Ulikuwa unalia sana. Nikimwambia bibi yako, anasema huo ni ugonjwa unatoka. Kadiri ulivyolia ndivyo nilivyozidi kukanda."

"Mama, hukujua."

"Sikujua." Alilirudia neno hilo mara mbili tatu, kisha akalirudisha jembe, akalisimamisha vizuri ukutani kama anavyoliweka siku zote. Akaelekea barabarani. Mkumbo alimfuata akidhani anakwenda kujificha alie, akawaza visima, akawaza mambo mabaya. Mama hakugeuka. Alivuka barabara kwa mwendo wake wa siku zote, na akabisha hodi nyumbani kwa Sikitu.

Ndani walikuwamo wanawake watano, kama ilivyo nyumba yenye mzazi. Sikitu, binti wa miaka ishirini na ushee, alikuwa kitandani macho yamevimba, na jikoni palikuwa na sufuria inachemka. Mmoja wao, shangazi mtu, alikuwa tayari na kitambaa begani.

"Hayo maji ni ya nini?" aliuliza Mama Mkumbo.

"Ya kumkanda mtoto, dada. Si unajua yaliyompata?"

"Ipueni."

Wakamtazama. Hakukaa alipokaribishwa. Alisimama katikati ya chumba, mikono yake mikubwa imening'inia, na alisema kwa sauti ambayo hata waliokuwa uani waliisikia.

"Mimi wangu kilimwangukia hivyohivyo. Nikamkanda miezi mitano. Miaka yote hii nimesingizia kitovu, kumbe kitovu hakina kosa. Ni mimi niliyemuunguza mwanangu, kwa mikono hii, hazai mpaka leo. Ndiye huyo mlangoni. Muulizeni."

Wanawake watano wakageuka wote kwa pamoja.

Mkumbo aliyebaki getini mwa hospitali miaka mitano, aliyeficha vichupa kwenye mfuko wa vifaa vya kazi, ambaye hata rafiki zake wa mnarani waliambiwa kwamba yeye na mkewe bado wanapanga, alihisi uso unawaka. Alijua kuwa kabla ya magharibi Iramba nzima itakuwa na habari ya korodani zake. Alimtazama mama yake. Alikuwa amesimama wima, hakujikunyata hata kidogo, amejivua heshima yake yote mbele ya majirani kwa ajili ya mtoto asiye wake. Mkumbo alistaajabu mpaka akasahau kuona haya, kwa sababu alikuwa hajui kwamba mtu anaweza kuwa hivyo, na kwamba huyo mtu ndiye aliyemzaa.

"Ni kweli," alisema. "Nimeyaona makovu kwa macho yangu. Msimkande."

Shangazi mtu alimtazama Mkumbo, akamtazama mama yake. Kisha akakitoa kile kitambaa begani, akaenda jikoni, wakasikia maji yakimwagwa nje.

Mama Mkumbo ndipo alipoketi ukingoni mwa kitanda. Alimtazama yule mtoto aliyefungwa kwenye kanga, akanyoosha mikono apewe. Sikitu aliitazama ile mikono. Alisita kidogo tu, kisha akampa.